Mwalimu, mbona baharini kunanyesha na hakuna miti?

Hili swali niliulizwa na mtoto wa darasa la sita, miaka mingi kidogo imepita, nikiwa nafundisha shule moja ya msingi huko pwani, na mpaka leo likinijia nikiwa kwenye daladala najisikia aibu kama limetokea juzi. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa chaki ya rangi kabisa, FAIDA ZA MITI, namba moja miti huleta mvua, namba mbili hutupa kivuli, namba tatu matunda na kuni na mbao, unazijua tu maana na wewe ulizikariri. Watoto wananakili kimya. Mmoja kule nyuma, mtoto wa mvuvi, akanyoosha kidole, samahani mwalimu, baba akienda bahari kuu anasema kule mvua inapiga mpaka huoni mkono wako, sasa kule mbona hakuna miti?

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, ndo kosa la kwanza. La pili nikamwambia kaa chini, hilo siyo somo la leo. Sasa somo la leo lilikuwa nini kama siyo hilo, hata mimi sijui. Mtoto akakaa, akanakili namba moja miti huleta mvua, na kwenye mtihani nina hakika alipata vema.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui jibu. Yani mtu nimesoma ualimu, nimefundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, najua kuchora mzunguko wa maji na vile vimshale vyake, ila hakuna siku hata moja, kuanzia shule ya msingi mpaka chuo, niliyowahi kukaa na swali ambalo mwalimu wangu naye halijui tukalitafuta pamoja. Hamna. Kila swali nililokutana nalo lilikuwa na jibu lake limeshaandikwa mahali, kazi yangu ilikuwa kulibeba bila kulimwaga. Ndo maana alipokuja mtoto na swali ambalo halikuwa kwenye ndoo yangu nikamfukuza.

Naandika haya kwa sababu kila ikifika Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, na hapa Tanzania Aprili mosi siku ya kupanda miti, mitandao inajaa picha za shule, watoto wamevaa tisheti, mgeni rasmi ameshika koleo jipya lisilo na hata tone la udongo, mwalimu wa mazingira anatabasamu pembeni. Sina ugomvi na miti jamani. Ugomvi wangu ni kwamba tumeligeuza somo la mazingira kuwa kwaya. Tunaimba tutunze mazingira, mazingira ni uhai, kata mti panda mti, na mtoto anamaliza darasa la saba hajawahi kupima kitu chochote kinachohusu mazingira anayoambiwa ayatunze. Hajui shuleni kwake mvua ilinyesha kiasi gani mwezi uliopita, hajui kati ya ile miche 200 iliyopandwa na mgeni rasmi ilipona mingapi. Mwalimu wake naye hajui, na hakuna aliyemfundisha kwamba hilo ni jambo la kujua.

Wenyewe tuna kisa chetu ambacho kingetakiwa kufundishwa kila chuo cha ualimu nchi hii wiki ya kwanza kabisa. Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndo unaingiza kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji inagombaniwa, mwenzake akaweka mchanganyiko wake bila hata kuchemsha, Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa nafasi, akaingiza ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu kuja kuangalia, ya kwake imeganda, ya mwenzake bado uji uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa umechanganyikiwa wewe, haiwezekani.

Angeweza kuacha. Ila baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu Tanga mjini, akaambiwa mbona sisi ndo tunavyofanya, tunaweka za moto zinaganda haraka. (Yani wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua, tena wanalijua kibiashara.) Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, mada ya kwanza ikawa joto, wanafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo fizikia ya dunia nzima, na kuanzia hapo ikawa utani wa darasa, akikosea hesabu wanasema hiyo hesabu ya Mpemba. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja maji ya moto moja ya bomba, akajaribu mwenyewe.

Halafu ndo akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara pale shuleni. Muda wa maswali Mpemba akasimama akauliza, ukiweka kwenye friza maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi sawa, vyombo sawa, ya 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakaona ameitia shule aibu mbele ya mgeni. Osborne akamuuliza kama kweli amefanya hilo jaribio, akasema ndiyo nimefanya. Jibu la Osborne lilikuwa fupi tu, hajui, ila akirudi Dar atalijaribu.

Hilo jibu ndo semina nzima ya walimu kwa maoni yangu, ungeweza kufunga ukumbi pale watu wakaenda kunywa chai.

Na alijaribu kweli. Alimpa kazi fundi wa maabara, fundi akarudi na taarifa kwamba ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini usijali, tutarudia rudia mpaka tupate jibu sahihi. Nikikumbuka hapo huwa nacheka kwa uchungu maana huyo fundi ni sisi wote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha kwenye jarida la Physics Education la Uingereza, na dunia mpaka leo inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, Moshi, akaenda kufanya kazi ya uhifadhi. Mtu wa mazingira, kumbuka.

Na hadithi haijaisha, hapa ndo panaponoga. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walirudia vipimo wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto yanapoa haraka kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba ukihamisha kipimajoto hata sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza kupata matokeo yanayokudanganya. Wengine wanabishana nao. Sasa kuna watu wakisikia hivyo wanaona kama Mpemba amevuliwa nguo, mimi naona kinyume kabisa. Swali la mwanafunzi wa Magamba, mwenye friji la kugombania, limewakalisha maprofesa zaidi ya miaka 50 wanabishana kipimajoto kiwekwe wapi. Unataka elimu ya sayansi iwe nini zaidi ya hiyo?

Turudi darasani. Mwalimu wa Mkwawa siwezi kumlaumu sana, mimi nimefanya hayohayo kwa mtoto wa mvuvi na wala hakuna aliyeniandika kwenye jarida. Tatizo ni jinsi mwalimu anavyotengenezwa. Angalia mafunzo kazini. Nimehudhuria semina za mazingira si chini ya nne, zote zinafanana kama mapacha, mnajisajili, mnapewa daftari na kalamu na chupa ya maji (ya plastiki, kwenye semina ya mazingira), mwezeshaji anafungua slaidi, maana ya mazingira, aina za uchafuzi, athari za mabadiliko ya tabianchi, nafasi ya mwalimu. Mnagawanywa makundi mnaandika kwenye makaratasi makubwa yale yale aliyoyasema mwezeshaji, mnabandika ukutani, kila kundi linawasilisha, makofi ya kilo, picha ya pamoja, mnasaini posho. Siku tatu watu wazima 60 wanaongelea mazingira na hakuna aliyetoka nje ya ukumbi isipokuwa kupokea simu. Nje kulikuwa na mwembe mkubwa. Hakuna aliyeuuliza kitu.

Yani mwalimu anafundishwa mazingira kwa njia ile ile atakayoenda kuwafundishia watoto, kunakili. Halafu tunashangaa.

Na mtaala nao una mkono wake. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo linaitwa Jiografia na Mazingira kwa shule za msingi, na Sayansi ni somo lake peke yake. Najua sababu, zamani mazingira yalikuwa yametawanyika kila mahali na kitu cha wote hakina mwenyewe, kwa hiyo kulipa jina kwenye ratiba ni hatua. Ila hofu yangu ni hii, kile kipindi cha sayansi ndo chenye neno jaribio, kile cha mazingira ndo chenye neno utunzaji, na mtoto taratibu anaelewa kwamba kupima ni kwa ajili ya vitu vya kwenye chupa na mazingira ni kwa ajili ya tabia njema. Mwalimu anayefundisha vyote viwili anaweza kuviunganisha, tena kirahisi, lakini hakuna aliyemwambia anaruhusiwa.

Inachekesha kwamba wazo hili tulishapewa zamani. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisema shamba la shule liwe mahali ambapo mbolea waliyoielezwa kwenye kipindi cha sayansi watoto wanaiona inavyofanya kazi na inapogomea, kwa macho yao. Soma hapo tena, na inapogomea. Maana yake sehemu moja ya shamba itie mbolea, nyingine usitie, pima, linganisha, bishaneni. Tukafanyaje? Shamba la shule likawa adhabu. Umechelewa, kang'oe visiki. Umeongea Kiswahili kwenye maeneo ya shule, mwagilia mchicha wa mwalimu mkuu. Mimi nimelima sana shamba la shule enzi zangu na hakuna siku hata moja niliyoambiwa hesabu magunzi. Kwa hiyo kizazi kizima cha walimu kina jembe na kina kitabu na havijawahi kukutana.

Mtu ataniambia tatizo ni maabara. Tulishapitia hiyo. Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, fizikia, kemia na baiolojia, wakuu wa mikoa na wilaya wakahangaika sana 2014 na 2015, wananchi wakachangishwa, wengine kwa kukimbizana, majengo yakasimama. Na yalihitajika, sikatai, mtoto wa kata naye aguse bika kama mtoto wa seminari. Lakini jengo halifundishi kuuliza. Nenda kaangalie praktiko ya penduli fomu foo, watoto wanajua kabisa jibu la mvutano wa dunia linatakiwa lije karibu na 9.8, wanaanza na jibu wanarudi kinyumenyume wanajaza jedwali la muda, nukta zinakaa kwenye mstari mnyoofu mpaka unaogopa. Kupika data tunaita, tena tunaita kwa fahari, fulani mpishi hatari. Ni yule fundi wa maabara wa Osborne tu, anarudia mpaka apate jibu sahihi, tofauti ni kwamba wetu hata harudii.

Ndo maana nasema mazingira ndiyo maabara bora kwa mwalimu wa kawaida, na siyo kwa sababu ni ya bure, ingawa ni ya bure. Ni kwa sababu jibu halijaandikwa. Hakuna kitabu chochote duniani kinachosema jana usiku ilinyesha milimita ngapi kwenye uwanja wa shule yako. Hapo huwezi kupika, labda uamue kudanganya waziwazi. Mwalimu na mwanafunzi wote wanakuwa hawajui, wanaanza sawa.

Nieleze kwa kirefu kidogo maana watu husema haya mambo ni ya nadharia. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka, isiwe na mikunjo kunjo. Kata pale mabega yanapoanzia, kile kichwa kigeuze ukitumbukize ndani kama faneli. Chini ya chupa pana mabonde, kwa hiyo weka kokoto na mimina maji mpaka pale chupa ilipoanza kunyooka, piga mstari, hapo ndo sifuri. Rula ibandike kuanzia hapo. Ichimbie uwanjani mbali na majengo na miti, kama jengo lina urefu wa mita nne kaa angalau mita nane, soma kila siku saa 3 asubuhi, muda ule ule wanaosomea vituo vya hali ya hewa, andika, mwaga, rudisha kwenye sifuri. Basi. Umeshakuwa na kituo cha mvua cha shule.

Sasa milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hiyo sentensi ukiwapa watoto wa darasa la sita wakaijaribu wenyewe hawasahau. Bati la madarasa mawili matatu, tuseme mita 25 kwa 8, ni mita 200 za mraba. Ikinyesha milimita 30, ambayo ni mvua ya masika ya kawaida kabisa, bati hilo limepokea lita 6,000. Mtoto wa shule zetu anajua dumu la lita tano, analibeba kila asubuhi kutoka nyumbani au bombani kwa ajili ya vyoo na mboga za mwalimu. Mwambie agawe. Madumu 1,200. Usiku mmoja, wakiwa wamelala. Nimefanya hilo zoezi na darasa na kuna binti alikaa kimya muda mrefu halafu akauliza, sasa mwalimu yanaenda wapi? Tukatoka nje tukaenda kuangalia. Yanaenda kwenye msingi wa darasa la tatu, yamechimba mtaro mpaka tofali la chini linaonekana, na huo udongo uliochimbwa tukaufuata mpaka kwenye kalavati, limeziba. Kipindi cha dakika 40 kikala na kipindi cha mwenzangu, ilibidi nikaombe radhi ofisini. Mmomonyoko wa udongo nilikuwa nimeshawafundisha mwaka uliopita kwa kutumia mchoro.

Lile swali la mtoto wa mvuvi nalo linafanyika. Kwanza ukubali kwamba yuko sahihi. Mvua yetu nyingi inatoka baharini, jua linapasha Bahari ya Hindi, mvuke unapanda, upepo unausukuma huku, na mtu wa pwani hahitaji slaidi kuelewa hilo maana kusi na kaskazi anazijua kuliko mwezeshaji, masika na vuli zinakaa pale upepo unapogeuka. Halafu ndo uulize, sasa mti unafanya nini? Chukua kifuko cha mkate kinachoonyesha (ile mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 kwa hiyo usiniletee matatizo), funga kwenye tawi lenye majani la mwembe asubuhi, kingine funga kwenye mwarobaini, kingine kwenye tawi la kivulini. Saa saba mchana vifuko vyote vina maji. Yafyonze kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pima mililita, hesabu majani. Watoto wanaona mti unatema maji hewani, na wanaona siyo sawasawa, na wanaanza kubishana kama ni aina ya mti au ni jua au kifuko kimoja kilivuja. Kifuko kimoja siku zote kinavuja.

Ukifika hapo ndo unaweza kuwaambia habari ya misitu ya Uluguru na Usambara, jinsi inavyonasa ukungu na kurudisha mvuke hewani na kuyaacha maji yazame polepole badala ya kukimbia na udongo, na kwamba maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam sehemu kubwa yanaanzia kwenye miteremko ya Uluguru. Kwamba miti huleta mvua ni sentensi yenye ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndo muhimu zaidi kwa mtu anayekaa bondeni. Na utagundua watoto wameanza kuuliza mti gani, wapi, badala ya kupanda tu mikaratusi kwenye chanzo cha maji kwa sababu inakua haraka na itapendeza kwenye ripoti.

Kuna jambo Wangari Maathai wa Kenya alilifanya ambalo huwa halisemwi sana kwenye hotuba za kupanda miti, na kumbuka yule mama kabla ya Nobel ya 2004 alikuwa mwanasayansi, ana shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya 1971. Alipoanzisha Green Belt Movement, ile harakati ya kupanda miti, 1977, kina mama walikuwa wanapewa pesa kidogo kwa mche uliopona. Siyo kwa shimo lililochimbwa. Uliopona. Maana yake mtu alilazimika kurudi, kuhesabu, kuandika. Kenya Novemba 13, 2023 walitoa siku nzima ya mapumziko watu wapande miti, lengo ni miti bilioni 15 mpaka 2032, na mimi kwa akili yangu ya kiticha nawaza tu, Novemba inayofuata nani alipewa siku ya mapumziko akahesabu?

Hukohuko Kenya, pwani ya kusini pale Gazi, kaunti ya Kwale, kuna mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 za mikoko, tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa (yani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaifungia) na pesa zinarudi kijijini Gazi na Makongeni, kwenye maji na kwenye shule. Wanachouza pale kwa lugha nyepesi ni vipimo. Unene wa shina, urefu wa mti, mingapi kwa eneo, mwaka huu na mwaka ujao. Ukikosea kuhesabu huna cha kuuza. Watoto wetu wa pwani, Rufiji, Pangani, Tanga, Unguja, wanawajua mkoko na mchu na mkandaa kwa majina, wanajua upi unafaa boriti na upi unatoa rangi ya ngozi, elimu hiyo wameikuta kwa babu. Darasani wanakuja kuambiwa mikoko ni muhimu kwa mazalia ya samaki, nakili. Yani tunachukua mtaalamu tunamgeuza kuwa karani.

Sasa najua walimu wenzangu mnaosoma hapa mmeshaanza kuchemka. Darasa lina watoto 90, mada hazijaisha, mock inakuja, afisa elimu kata anauliza wastani siyo chupa ya mvua. Naelewa, nimeishi humo. Siwezi kusema mtihani hauna nguvu, mtihani ndo bosi. Lakini chupa moja inasomwa na watoto wawili kwa dakika tatu, wengine 88 wanaendelea na kazi, kesho wawili wengine. Hesabu za wastani, asilimia, grafu, eneo, ujazo, zote zimo kwenye lile daftari la mvua, na zimo kwenye mtihani pia. Na kuna huu utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu mnakutana shuleni kwenu kwenye jumuiya za ujifunzaji. Mahali pengi nimeona mnakutana mnasoma moduli kwa sauti kama ibada. Wiki moja wekeni moduli chini. Chukueni juisi ya rozela, ndimu, magadi, majivu yaliyolowekwa, sabuni, changanya moja moja muone rangi inavyogeuka, nyekundu inakolea kwenye ndimu, kwenye magadi inaenda kijani kijani. Walimu wa Kiswahili na wa michezo nao wawepo. Halafu mmoja aulize kwa nini na kila mtu akae na ule ukimya. Ule ukimya ndo mafunzo yenyewe, mwalimu ambaye hajawahi kuuonja akiwa na wenzake hatauvumilia mbele ya watoto 90, atasema kaa chini.

Klabu za mazingira sizidharau, Roots & Shoots ilianzia hapahapa Dar 1991, Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, na wanafunzi 12, na imefika mbali sana duniani. Ila klabu ni ya watoto 30 baada ya masomo. Mimi naongelea wale 90 saa nne asubuhi wakiwa na njaa.

Niliporudi kufundisha shule nyingine baadaye tuliweka hiyo chupa na daftari la mvua, mistari miwili mitatu kwa siku, tarehe, milimita, jina la aliyesoma. Mwezi wa pili hivi nikakuta watoto wawili wanagombana kweli kweli mbele ya daftari mpaka mmoja ameshika kola ya mwenzake. Jumamosi na Jumapili hakuna aliyekuja shule. Mmoja ameandika sifuri kwa sababu hajaona maji mengi Jumatatu, mwenzake amefuta ameweka kistari, anasema sifuri maana yake tumepima tukakuta haikunyesha, na sisi hatukupima. Yule wa kwanza anasema sasa kistari utakijumlishaje kwenye wastani? Wakanigeukia. Mwalimu, ipi sahihi?

Nikawaambia sijui, hebu kaeni tuone ikiwa sifuri wastani unakuwa ngapi na ikiwa kistari unakuwa ngapi. Kengele ikalia tukiwa bado.